Betri Namba Tisa

Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Upepo wa kusini ulikuwa ukivuma Kitengela tangu alfajiri, ukibeba vumbi la machimbo na kulimwaga juu ya mabati ya kituo cha polisi. Mawingu yaliyojikusanya upande wa Kajiado kwa siku ya nne mfululizo hayakuwa yamedondosha hata tone. Ndani ya chumba cha vielelezo, Inspekta Oyoo alifunga dirisha, akavaa glavu, akatandaza karatasi nyeupe mezani.

"Andika saa," alimwambia Konstebo Shiro.

"Nimeandika, bosi." Shiro alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano aliyekaa kazini muda mrefu kuliko maofisa wengi waliompa amri. "Na ujue tumebaki na leo tu. Kesho saa tatu Sankale anasimama mbele ya hakimu kule Kajiado, na mkuu ameshasema shtaka ni mauaji."

"Shtaka nalijua. Andika: kielelezo namba tatu, redio ya mkononi, nyeusi."

Redio hiyo ilikuwa ya marehemu Kaloki, mlinzi wa kampuni ya Ngao Tatu, aliyeuawa usiku wa kuamkia Jumatano katika zizi la kunenepeshea ng'ombe nje ya Kisaju. Wezi walikata ua wa nyuma, wakampiga Kaloki kichwani, wakaondoka na maksai kumi na tisa. Zizi lilikuwa na walinzi wawili tu: Kaloki nyuma na Sankale langoni, na kati yao karibu kilomita nzima. Hawakuwa na njia ya kuitana isipokuwa redio. Simu ilikuwa moja, ya kampuni, nayo ilifungwa kwa mnyororo katika kibanda cha lango.

Meneja wa Ngao Tatu, Bwana Wathome, ndiye aliyeileta redio kituoni, Jumatano saa tano na dakika ishirini asubuhi, akieleza kwamba aliiokota kando ya maiti ili isikanyagwe. Hoja yake ilikuwa fupi na iliwaridhisha wengi. Redio ni nzima na betri imejaa. Mtu anayevamiwa akiwa na redio nzima huita. Wa kuitwa alikuwa Sankale, na Sankale anasema hakusikia lolote. Basi Sankale anadanganya, naye ni mshirika wa wezi. Kufikia jioni Sankale alikuwa seli.

"Na zile simu za Namanga?" Oyoo aliuliza. Rekodi ya simu ya lango ilionyesha kwamba usiku huo, kati ya saa nne na saa tano, ilipigwa namba ya Namanga mara tatu.

"Hilowle, mfanyabiashara wa mifugo. Nimeongea naye leo asubuhi, akanipigia kelele kabla hata sijajitambulisha. Lori lake lilikuwa lije kupakia ng'ombe alfajiri, na sheria ya lango ni kwamba mlinzi ahakikishe kabla ya saa tano. Dereva alikuwa hashiki simu, ndiyo maana akapigiwa mara tatu. Kitabu cha lango kimeandikwa hivyo, na lori lilifika saa kumi na mbili, likakuta polisi."

"Basi huo uzi umekatika. Ufute."

Oyoo alizungusha kitufe cha sauti hadi redio ikazimika, akabonyeza kilimi cha chini kwa kidole gumba, akaichomoa betri. Aliilaza kwenye karatasi, uso wa ndani ukitazama juu, akawasha taa ya mezani.

Mwili wa redio ulikuwa umezeeka. Kila mfereji wake ulijaa vumbi la samadi kavu, na springi tatu ndogo zinazopokea umeme zilikuwa zimeingia kutu ya kijani. Betri ilikuwa safi. Juu yake palikuwa na namba tisa kwa rangi nyeupe. Ndani yake palikuwa na vipande vitatu vya shaba vinavyokutana na springi hizo, na juu ya kila kipande mistari miwili myembamba kama iliyochorwa kwa sindano.

"Nipe betri ya lango. Namba nne."

Shiro aliifungua bahasha ya pili. Oyoo aliziweka sambamba. Kwenye namba nne shaba haikuonekana tena. Ilikuwa imekwaruzwa mpaka ikageuka weupe.

"Kila betri inapoingizwa, springi hupita juu ya shaba na kuacha mstari," Oyoo alisema. "Namba nne imeingia mara nyingi mno kuhesabika. Hii imeingia mara mbili."

"Pengine ilikuwa mpya, bosi."

Oyoo alifungua daftari la makabidhiano la Ngao Tatu. Betri namba tisa, Kaloki, sahihi yake mbele. Kila jioni, tangu Agosti. Aliligeuza daftari ili Shiro alisome mwenyewe.

"Miezi saba," Shiro alisema taratibu. "Mara mbili tu?"

"Mlete Sankale."

Sankale aliletwa bila viatu wala mshipi. Alikuwa mtu mrefu wa miaka thelathini na kitu, na alikaa kwenye benchi kama mtu anayengoja kuambiwa ainuke.

"Sopa, Sankale," Oyoo alimsalimu kwa Kimaasai.

"Epa, afande."

Oyoo aliweka betri safi juu ya meza. "Hii ni ya nani?"

"Imeandikwa tisa."

"Sikukuuliza imeandikwa nini."

Sankale aliinama akaitazama bila kuigusa. "Hiyo si tisa, afande. Tisa naijua. Tumekaa na yeye kama ng'ombe mgonjwa, unaamka usiku kuangalia kama bado ako hai."

"Eleza."

Upepo uligonga mabati. Shiro, aliyekuwa amekaa na kalamu mkononi, alisema bila kuinua macho, "Sankale, kesho utaulizwa na mtu ambaye hakujui wala hana haraka na wewe. Hapa uko na watu wawili wanaotaka kusikia. Chagua."

"Nikisema, itakuwa mimi nimemuua."

"Hilo nitaliamua mimi baada ya kusikia," Oyoo alisema.

Sankale alipangusa uso kwa viganja viwili. "Hiyo tisa ilikuwa inakufa saa sita. Ukiijaza kutoka jioni, saa sita imekwisha. Nne ndiyo ilikuwa afadhali kidogo, na langoni kuna stima, kwa hivyo redio yangu ilikaa kwa chaja. Sasa tukapanga, mimi na Kaloki. Saa sita natoa nne kwa chaja, napeleka kule nyuma kwa miguu, tunabadilisha, narudi na tisa naiweka kwa chaja. Kila usiku."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa kumi. Tulimwambia meneja. Tulimwambia tena. Akasema, 'Kwani nyinyi mnatafuna betri?' Watu wakacheka, tukanyamaza."

"Kanuni ya kampuni inasemaje kuhusu kuacha lango?"

"Kufutwa. Papo hapo."

"Jumanne usiku ulienda saa sita?"

Sankale alitikisa kichwa. "Meneja alipiga simu ya lango saa sita kasoro dakika kumi. Yeye huwa hapigi usiku. Akasema, 'Nitapiga tena nione kama uko. Nisipokupata, kesho usije.' Niko na watoto wanne, afande. Nikatoa nne kwa chaja, nikaweka kwa mfuko, nikakaa kando ya simu. Nikangoja ilie. Ililia saa saba na dakika tano. Akaniuliza tu, 'Uko?' Nikasema niko. Akakata."

"Kisha?"

"Nikakimbia. Nikamkuta karibu na birika la maji." Aliinua kidole gumba. "Kidole chake kilikuwa bado kimefinya kitufe cha kuongea. Nilikitoa mimi. Nilizima redio, nikawasha. Hakuna taa. Nikarudi kupigia meneja. Alifika kabla ya polisi, akachukua redio, akasema ni mali ya kampuni."

"Kwa nini hukuyasema haya jana?"

"Ningesema nini? Kwamba Kaloki alikuwa ananiita na redio imekufa, na betri nzima iko kwa mfuko wangu, mimi nangoja simu? Mama yake atoke Kibwezi aje kusikia hiyo kortini?" Sauti yake ilipanda ikavunjika. "Afadhali wanifunge."

"Ulivunja kanuni ya kazi kila usiku kwa miezi sita," Oyoo alisema. "Ulimficha polisi ukweli. Hayo ni makosa, nami nitayaandika. Mauaji siyaoni. Soma taarifa yako, utie sahihi."

Saa nne na nusu Oyoo na Shiro walikuwa katika duka la tatu la redio. Wenye maduka mawili ya kwanza walikuwa wameitazama betri, wakatikisa vichwa. Duka la tatu lilikuwa na upana wa mlango mmoja, nyuma ya soko la Kitengela, na mwenyewe aliitwa Mustafe, mtu wa Garissa aliyekuwa akitengeneza redio za walinzi, za madereva na za hoteli za porini kwa miaka kumi na minane. Ilikuwa siku ya tatu ya Ramadhani. Shiro alificha chupa yake ya maji nyuma ya mkoba.

"Kunywa, dada," Mustafe alisema. "Mimi ndiye nimefunga, si wewe."

Oyoo aliweka kielelezo juu ya kaunta, ndani ya mfuko wake wa plastiki. Mustafe aligeuza mfuko mara moja tu.

"Hii ni yangu."

"Una hakika?"

"Mkubwa, hiyo rangi nimepaka mimi. Na mstari mmoja hapo kwenye shaba ni wa redio yangu ya majaribio, hii hapa. Siuzi betri bila kuijaribu. Mstari wa pili ni wa mwenyewe."

"Uliiuza lini?"

"Jana. Nilikuwa bado nafungua, saa mbili na nusu hivi. Alikuwa na haraka, akakataa hata kukaa." Alivuta kitabu cha stakabadhi, akalamba kidole, kisha akakumbuka amefunga, akakipangusa kwenye shati. "Jumatano, tarehe kumi na tatu. Ngao Tatu. Wathome, ameandika mwenyewe. Aliniambia nipake tisa kwa rangi nyeupe, ifanane na ile ya zamani."

Shiro aliacha kuandika.

"Ile ya zamani aliionyesha?" Oyoo aliuliza.

"Aliiacha. Ukiniletea ganda la zamani, nakupunguzia bei. Huyo mtu hajawahi kununua hapa bila kupunguziwa. Miaka mitatu ananiletea vitu vilivyokufa, anataka nivifufue kwa bei ya karanga. Jana ndiyo mara ya kwanza kununua betri mpya kabisa, na hata hiyo akaomba nipunguze."

Mustafe aliinama chini ya kaunta, akatoa kreti ya soda iliyojaa betri zilizokufa, zinazongoja mtu wa kununua vyuma.

"Usiguse," Oyoo alisema.

Alivaa glavu mpya. Alizitoa moja moja, akizipanga sakafuni. Ya kumi na nne ilikuwa na namba tisa, rangi imefifia, ukingo wake umejaa vumbi la samadi kavu. Aliigeuza. Shaba yake ilikuwa imekwaruzwa mpaka weupe. Aliipiga picha pande zote sita, Shiro akaandika saa na mahali, Mustafe akatia sahihi kama shahidi.

"Nataka kujua ilikuwa ikifanya nini saa sita usiku," Oyoo alisema. "Vaa hizi glavu. Usiifute vumbi."

Mustafe aliiweka kwenye chaja. Baada ya dakika kumi na mbili taa ikawa kijani.

"Unaona? Betri nzima huchukua saa tatu. Hii imeshiba kwa dakika kumi na mbili, kama mgonjwa anayekunywa uji vijiko viwili. Ukitazama taa, utasema imejaa." Aliichomeka kwenye redio yake ya majaribio, akaiwasha, akamkabidhi Shiro redio nyingine. "Nenda nje, dada. Ongea."

Shiro alivuka barabara. Sauti yake ikaja wazi ndani ya duka: "Moja, mbili, tatu. Mnanisikia?"

"Inasikia vizuri," Mustafe alisema. "Kusikiliza hakuli umeme. Sasa mjibu, mkubwa."

Oyoo alibonyeza kitufe cha kuongea. Taa nyekundu iliwaka mara moja, ikazima. Redio yote ikafa mkononi mwake. Akabonyeza tena. Hapakuwa na hata mkwaruzo.

"Kuongea ndiko kunakokula," Mustafe alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Aliyebeba hii angekusikia ukimwita. Yeye asingeweza kukujibu. Wallahi, ningejua aliyeibeba, nisingeipokea."

Shiro alirudi akiwa ameshika redio yake sikioni. "Mbona kimya? Nimeita mara tatu."

Alitazama uso wa Oyoo, kisha betri, akaketi.

Ofisi ya Ngao Tatu ilikuwa ghorofa ya pili, ikitazama barabara ya Namanga. Saa saba mchana Wathome aliwapokea mlangoni, shati jeupe, tai ya rangi ya damu ya mzee, mkono umenyooshwa.

"Oyoo! Bweni la Tatu! Ningejua ni wewe unashika faili hili, ningelala usingizi. Karibu, ndugu yangu."

"Faili linaonyesha kwamba tulisoma shule moja," Oyoo alisema. "Nimemwarifu mkuu wangu kwa maandishi, akaniagiza niendelee. Leo nimekuja kama polisi. Konstebo Shiro ataandika kila neno. Unaweza kuita wakili."

"Wakili wa nini? Kaeni."

Oyoo hakukaa. Aliweka mezani picha ya betri mpya, nakala ya stakabadhi, na picha ya betri kuukuu, kwa mpangilio huo. Wathome alizitazama. Mkono wake ulikwenda kwenye tai, ukairekebisha ingawa haikuwa imekaa vibaya.

"Sawa," alisema hatimaye. "Nilibadilisha betri. Ni aibu, nakubali. Nina mikataba kumi na moja, Oyoo. Mteja mmoja akisikia mlinzi wangu alikufa na redio mbovu, kesho sina hata mmoja. Nililinda jina la kampuni. Kaloki alikuwa ameshakufa, betri haingemfufua."

"Sankale hajafa. Ulimwacha alale seli."

"Sankale alikuwa hafuati kanuni. Wale wawili walikuwa wanabadilishana betri kila saa sita usiku, lango limeachwa wazi. Kila mtu alijua."

Kalamu ya Shiro ilikuwa ikitembea. Oyoo alingoja mpaka ikasimama.

"Wewe ulijua?"

"Nimesema kila mtu alijua."

"Basi ulijua kwamba Sankale asipotoka langoni saa sita, Kaloki atabaki na redio isiyoweza kuita."

Wathome aliisukuma kando picha ya betri kuukuu.

"Kwa miezi sita hukuwahi kupiga simu ya lango usiku. Nimesoma rekodi. Usiku mmoja tu ulipiga, saa sita kasoro dakika kumi, ukamwamuru Sankale asiondoke. Ukapiga tena saa saba na dakika tano, ukauliza kama yuko, ukakata. Katikati ya simu hizo mbili ua ulikatwa, Kaloki akapigwa, na ng'ombe kumi na tisa wakatolewa bila haraka. Kwa nini usiku ule, Wathome?"

Chini barabarani lori lilipiga honi ndefu. Wathome alisimama, akafunga dirisha, akabaki amewapa mgongo.

"Mwambie huyu mama atoke."

"Konstebo hatoki."

"Sawa. Asikie basi." Aligeuka. Uso wake ulikuwa umepauka kuzunguka mdomo. "Kidato cha tatu. Bweni lilipowaka. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na wewe ulikuwa chini ya kitanda cha mwisho unakohoa. Nani alirudi ndani?"

"Wewe."

"Nilikuwa nimeshatoka. Nilikuwa nimesimama kwenye nyasi, salama. Nikarudi. Nilikuburura kwa kola ya pajama. Miaka ishirini na sita, nimekuomba kitu? Siku ya harusi yako nilikaa nyuma kabisa, nikala, nikaenda zangu. Sijawahi kukuomba hata unishikie mwavuli."

"Hujawahi."

"Naomba leo. Sikuombi uchome faili. Likae kwa droo hadi Jumatatu, basi. Nipe siku nne niweke mambo yangu sawa. Sankale atakaa rumande siku nne, atatoka. Mimi nikienda huko sitoki. Unanielewa? Sitoki."

"Walioua Kaloki watakuwa wapi Jumatatu?"

Wathome alishika tena tai yake.

"Ungesema huwajui, ningekusikiliza," Oyoo alisema. "Hukusema."

"Nilikupa maisha yako, Oyoo."

"Ulinipa. Ninao mke na watoto kwa sababu ulirudi ndani, na nimelijua hilo kila siku. Ukitaka figo, njoo uchukue langu. Ukitaka damu, nitalala kitandani watoe. Unachotaka ni siku nne za Sankale na kifo cha Kaloki, na hivyo si vyangu. Silipi."

"Hulipi."

"Silipi, Wathome. Konstebo, andika kwamba mshukiwa aliomba na nikakataa. Andika na sababu aliyoitoa, yote, pamoja na moto."

Shiro aliandika. Alipomaliza alifunga daftari, akatoa pingu mshipini, akapiga hatua kumwelekea Wathome. Oyoo alinyoosha mkono, akazichukua.

"Nitamfunga mimi," alisema. "Wewe mpigie mkuu, umwambie Sankale afunguliwe sasa hivi."

Wathome alitoa mikono bila kuambiwa. Oyoo alimfunga, mkono wa kulia kwanza kisha wa kushoto, akakagua kwa kidole kwamba hazikumbana, akamtanguliza ngazini.